Amortisere za nyuma za Land Cruiser yangu hazimalizi miezi minne: kosa liko wapi?

#1 Mkaaji_wa_Ndosho

Salamu kwenu nyote.

Nina Land Cruiser HZJ78, yenye resori (springi) za koili mbele na resori za lami nyuma. Siku za kazi hulala uani. Siku za mapumziko hunichukua mimi na watu wa nyumbani hadi Sake, Mushaki, na mara mojamoja Minova kando ya ziwa. Mwaka jana niliiinua kwa milimita 50 hivi kwa kuweka resori ndefu zaidi pande zote nne, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa likikwaruzana na mawe ya lava katika njia za mtaani kwetu, ambazo kila mkazi wa Goma anazijua bila kuelezwa.

Tangu hapo amortisere za nyuma hazikai. Jozi ya kwanza, yenye urefu wa kawaida, ilianza kuvuja mafuta baada ya miezi minne. Jozi ya pili niliuziwa kwa maelezo kwamba ni ya magari yaliyoinuliwa. Hiyo haikumaliza hata miezi mitatu, na safari hii ile ya kushoto ilikatika kabisa pale inapofungwa juu. Fundi wangu hana jibu ila kwamba barabara za Goma hazina dawa. Mimi naamini tunauziwa vitu vya bandia, na anayepinga anieleze kwa nini amortisere zilizokuja na gari zilidumu miaka mingi juu ya mawe haya haya.

#2 Shofere_Mstaafu

Pole, ndugu yangu. Nimeendesha magari ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, Goma hadi Rutshuru, Sake hadi Masisi, na njia ya kando ya ziwa hadi Bukavu, na kabla ya kulaumu kiwanda nilikuwa nikifanya jambo moja dogo. Ukimaliza kipande kibaya cha njia, simama, shuka, usogeze kiganja karibu na kila amortisere bila kuikamata kwa pupa. Kazi ya amortisere ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, kwa hiyo iliyo nzima huwa na moto. Ukikuta tatu zina moto na moja imepoa kama jiwe la kivulini, hiyo iliyopoa ndiyo marehemu. Nimewaona mafundi wakibadilisha ile yenye moto na kuiacha maiti mahali pake.

Na ile desturi ya kukalia kona ya gari na kuhesabu linaruka mara ngapi, kwa 78 isikudanganye. Lami za nyuma zinasuguana zenyewe kwa zenyewe kiasi kwamba gari linaweza kutulia vizuri hata kama amortisere ni tupu.

Tuambie sasa: unabeba nini, na ukitoka Sake unakwenda kwa kasi gani?

#3 Jicho_la_Birere

Mleta mada yuko sahihi, na sioni haja ya kuzunguka. Niliwahi kununua amortisere mbili ndani ya boksi lenye jina la kiwanda kikubwa cha Japani. Nilipozipima kwenye mzani wa muuza maharage, ile mpya ilikuwa nyepesi kuliko ya zamani iliyokwisha kumwaga mafuta yake yote. Tangu siku hiyo naangalia unene wa fimbo, usafi wa ulehemu kwenye pete, na kama namba iliyopigwa kwenye chuma inalingana na ile ya kwenye boksi. Boksi lenyewe silitazami, kwa maana boksi ni rahisi kuchapisha kuliko amortisere.

#4 Fundi_Himbi

Jicho_la_Birere, bandia zipo, sikatai. Nimewahi kuzifunga mwenyewe bila kujua. Lakini bandia haielezi kwa nini taabu ilianza siku gari lilipoinuliwa.

Mkaaji, fikiria hivi. Resori ndefu zimeongeza umbali kati ya ponti (ekseli) na shasi. Amortisere ya urefu wa zamani, ambayo ilikuwa ikisimama katikati ya safari yake, sasa inasimama ikiwa tayari imevutwa. Gurudumu likidondoka kwenye shimo, ponti nzima pamoja na magurudumu yake mawili hubaki imening'inia kwenye fimbo nyembamba ya amortisere, kama mbuzi aliyeruka ukuta akiwa bado amefungwa kamba. Pistoni hugonga kifuniko cha juu, sili huumia, mafuta hutoka. Hilo latosha kueleza jozi ya kwanza.

Jozi ya pili yahitaji kupimwa, si kubishaniwa. Inua gari kwa kriki mbili chini ya shasi, si chini ya ponti, uache magurudumu ya nyuma yaning'inie. Fungua amortisere zote mbili na upime kutoka kifungio cha juu hadi cha chini. Kisha ivute amortisere hadi mwisho wake na uipime. Iwe ndefu kuliko ule umbali wa kwanza, walau kwa sentimita moja au mbili. Baada ya hapo fanya kinyume: ibonyeze hadi mwisho, upime, na ulinganishe na umbali unaobaki pale ponti inapogusa mpira wa kugongea ulio chini ya shasi. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu wakisikia gari limeinuliwa hununua amortisere ndefu kuliko zote dukani, bila kujua kwamba iliyo ndefu ikivutwa aghalabu ni ndefu pia ikifungwa.

Jambo la pili: je, bolti za silambloki (bushi za mpira) za lami na za jumeli, vile vyuma vinavyoshika ncha ya lami kwenye shasi, zilikazwa gari likiwa hewani? Zikikazwa hivyo, mpira hushikwa ukiwa katika hali ya kuning'inia, na gari likishushwa unabaki umejipinda saa zote, hata likiwa limelala uani. Bolti hizo hukazwa magurudumu yakiwa chini, gari likibeba uzito wake. Na bridi, zile bolti za umbo la U zinazoshika lami kwenye ponti, hazirudishwi za zamani: huwekwa mpya na kukazwa tena baada ya kilomita 500 hivi.

#5 Msafiri_DSM

Shikamooni wakubwa. Nafuatilia nikiwa Dar es Salaam, na nimesoma mara tatu pale Mkaaji anaposema gari lake lina "resori za lami nyuma". Kwetu lami ndiyo ile nyeusi inayomwagwa barabarani. Nikajiuliza, Goma wameona lami ni adimu kiasi kwamba mwenye nayo anaificha chini ya gari?

#6 Mkaaji_wa_Ndosho

Msafiri, umenichekesha wakati wa huzuni. Ni lami kwa maana ya zile pleti za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ile ya barabarani sisi twaiita gudroni. Amortisere nadhani ndiyo mnayoiita shokapu.

Shofere, juu ya paa kuna keria ya chuma, tairi la akiba na hema. Ndani, upande wa kushoto nyuma, kuna tangi la maji la lita 60, na kando yake madumu mawili ya mazuti (dizeli) ya lita 20. Kasi yangu si ya kutisha: 50, labda 60 njia ikifunguka. Fundi_Himbi, nitapima Jumapili.

#7 Kadutu_Juu

Kutoka Bukavu, habari zenu. Mimi naona mnazunguka wakati jibu liko mezani. Huo mzigo ni mwingi, amortisere imeshindwa kuubeba. Nilipokuwa na taabu kama hiyo niliweka amortisere ngumu zaidi, zile za gesi, na nyuma ya gari ikasimama vizuri. Weka ngumu, ndugu, umalize shauri.

#8 Fundi_Himbi

Kadutu_Juu, kwa heshima, hapo tusipotoshe watu. Amortisere haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na resori. Amortisere inatuliza tu mwendo wa resori ili isiendelee kuruka. Gesi iliyomo, ambayo ni naitrojeni, kazi yake kubwa ni kuyakandamiza mafuta yasitoe mapovu. Inasukuma fimbo nje kidogo, ndiyo, lakini msukumo huo ukilinganisha na uzito wa Land Cruiser yenye tangi la maji ni sawa na mtoto anayemsaidia baba yake kubeba gunia. Kama nyuma ya gari lako ilipanda, ama ulibadilisha lami siku hiyo hiyo, ama ulishusha mzigo.

#9 Kadutu_Juu

Nakiri niliongeza lami moja siku ile ile. Sikudhani ndiyo iliyofanya kazi.

#10 Jicho_la_Birere

Ungamo lako limepokewa.

#11 Mwana_Katanga

Salamu kutoka Lubumbashi. Naona nyote mnatafuta kosa kwenye chuma, mimi nalitafuta kwenye joto. Huku kwetu, ukiiacha gudroni ya kwenda Likasi na kuingia njia za udongo mwekundu wakati wa kiangazi, barabara inakunjamana kama bati. Kila mkunjo ni mdogo, lakini unakuja mara nyingi kwa sekunde, na amortisere haipati nafasi ya kupumua. Mafuta yanachemka, yanachanganyika na hewa, yanakuwa povu, na povu halizuii kitu. Ukisimama nusu saa inarudi kufanya kazi, ndiyo maana fundi akiipima asubuhi anakuambia ni nzima. Mawe yenu ya lava, ambayo yamejaa vijitundu na hayana hata moja lililolala sawa, nadhani yanafanya kazi ile ile ya bati letu.

Dawa yangu ilikuwa hewa ya tairi. Watu wanajaza kilo 4 kwa sababu gari lina mzigo, halafu wanashangaa. Tairi ndiyo resori ya kwanza ya gari. Mimi nikiingia kwenye udongo nashusha hadi kilo 2 na nusu na kupunguza mwendo, na amortisere zangu zimekaa.

Nyongeza isiyohusu amortisere: ukishainua gari, itazame ile valvu ya breki iliyo kwenye shasi karibu na ponti ya nyuma, yenye mkono wa chuma ulioshikamana na ponti. Valvu hiyo hupima mzigo kwa kuangalia ponti iko mbali kiasi gani. Gari likiinuliwa, inadhani halina kitu ndani, na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Mimi niligundua hilo nikiwa kwenye mteremko, nimejaza mkaa, na sitaki mwingine alijue kwa njia hiyo.

#12 Shofere_Mstaafu

Mwana_Katanga, kuhusu valvu nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kuhusu hewa, hapana, si hapa kwetu. Udongo wako ni laini. Lava ina ncha kama chupa iliyovunjika. Tairi ya 7.50R16 ikiwa na hewa ndogo na mzigo juu yake, tumbo lake hutoka nje upande, na hapo ndipo jiwe linapolichana, mahali ambapo hata kiraka hakishiki. Nilipoteza tairi mbili siku moja karibu na Kibati, miezi michache baada ya lava ya Mei 2021 kupita juu ya njia ya Rutshuru, na nilikuwa nimeshusha hewa kwa ushauri kama huo wako. Punguza mwendo kwanza. Mwendo hauuzwi dukani, ndiyo maana hakuna anayeupendekeza.

#13 Binti_Nguba

Habari za jioni. Mimi sina gari la ukubwa huo. Nina pikipiki ya magurudumu manne ambayo naizungusha milimani nje ya Bukavu, na yenyewe amortisere na resori ni kitu kimoja, koili ikiwa imeivaa amortisere. Kitu nilichojifunza kwayo ni kupima kiasi inachokaa. Unaipima ikiwa imeinuliwa hewani, unaipima tena ukiwa umeikalia na mizigo yako, na tofauti iwe kama theluthi moja ya safari yote ya gurudumu. Ikizidi, unakaza ile pete ya chini ya koili, ikipungua, unailegeza. Nilipokuwa nimeikaza hadi mwisho, nikidhani naongeza ubora, gurudumu lilikuwa halina nafasi ya kushuka, na fimbo zilikuwa zikigonga juu kama Fundi_Himbi alivyoeleza katika #4. Je, Land Cruiser haina kipimo kama hicho?

#14 Fundi_Himbi

Dada, swali lako ni zuri kuliko majibu mengi ya humu. Haina pete ya kukaza nyuma, lakini kipimo kipo: pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa tupu, kisha likiwa limejaa. Mkaaji, afadhali uongeze na hilo Jumapili, magurudumu yote manne.

#15 Jicho_la_Birere

Wakati tunasubiri Jumapili: kuna yule aliyetobolewa amortisere zake, zikajazwa mafuta ya injini na kulehemiwa upya. Rafiki yangu alifanya hivyo. Wiki ya kwanza gari lilikuwa gumu kama mkokoteni, akasifu. Mafuta ya injini ni mazito yakiwa baridi, na tundu za valvu ya amortisere zimetobolewa kwa mafuta mepesi sana. Wiki ya tatu ulehemu ulitoa jasho, na gari likarudi kuruka kama kawaida. Ila gharama yake ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya mpya, na mpya za Mkaaji nazo hazimalizi miezi minne, kwa hiyo mahesabu si mepesi kama yanavyoonekana.

#16 Kadutu_Juu

Nimepata ushauri kwa Mkaaji ambao hautapingwa: aongeze lami moja ya lori. Zinapatikana kwenye vyuma chakavu.

#17 Mwalimu_wa_Fizikia

Utapingwa, Papa, na nisamehe kwa kuwa wa kwanza. Ugumu wa lami hufuata unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Lami ya milimita 8 ikiwekwa kati ya lami za milimita 6, zenye upana na urefu ule ule, peke yake ni ngumu zaidi ya mara mbili ya jirani zake: nane juu ya sita, kwa kipeo cha tatu, ni 2.37. Wenzake wanapumzika, yenyewe inafanya kazi, na kwa kuwa chuma kinene kikipindwa kwa mkunjo ule ule huumia zaidi usoni pake, ndiyo huvunjika kwanza. Kwa koili hali ni kali zaidi, kwa sababu hufuata kipenyo cha waya kwa kipeo cha nne: kutoka milimita 16 hadi 17 tu umeongeza ugumu kwa asilimia 27. Na anayekata koili ili kushusha gari anaifanya iwe ngumu zaidi, wala si laini, kwa kuwa mizunguko imepungua. Ukiondoa mzunguko mmoja kati ya minane inayofanya kazi, umeongeza asilimia 14 hivi.

Ningependa kumwuliza Mkaaji swali moja. Zile resori zako za mbele, seti yake ilitengenezwa kwa gari lenye volani (usukani) upande gani?

#18 Mkaaji_wa_Ndosho

Asanteni kwa subira. Vipimo hivi hapa, jozi ya pili.

Nyuma likiwa limening'inia, umbali wa vifungio ni sentimita 61 kushoto na 61 kulia. Amortisere ikivutwa ni 63. Kwa hiyo haijafungwa kamba ya mbuzi. Lakini ikibonyezwa hadi mwisho ni sentimita 41, wakati ponti ikigusa chuma cha juu umbali unaobaki ni 39. Maana yake amortisere inagota kabla ya chuma. Na nasema chuma kwa sababu upande wa kushoto mpira wa kugongea haupo kabisa. Umebaki mabaki ya mpira na kutu. Upande wa kulia upo, umepasuka lakini upo.

Kuhusu urefu wa bodi, likiwa tupu: mbele kulia ni juu kuliko mbele kushoto kwa milimita 12, na nyuma kushoto ni chini kuliko nyuma kulia kwa milimita 9. Mwalimu, seti ilitoka kwa mtu aliyeiagiza kwa gari lenye volani kulia. Langu lina volani kushoto. Sikudhani koili ina upande.

#19 Fundi_Himbi

Sentimita mbili! Basi kila mara gari likizama, uzito wote wa nyuma ulikuwa ukitua juu ya amortisere, badala ya mpira. Hiyo ndiyo iliyokata kifungio. Weka mipira mipya, na chini yake kipande cha kuishusha kwa sentimita 3, au tafuta amortisere fupi zaidi.

#20 Jicho_la_Birere

Fundi, katika #4 tatizo lilikuwa kuvutwa kupita kiasi, katika #19 limekuwa kubonyezwa kupita kiasi. Kesho tutaambiwa linapenda kulala kwa ubavu.

#21 Fundi_Himbi

Rudi usome #4 hadi mwisho. Nilitaja yote mawili. Jozi ya kwanza ilikufa kwa kuvutwa, ya pili kwa kubonyezwa.

#22 Mwalimu_wa_Fizikia

Jibu la Fundi linafaa kwa namna amortisere ilivyokatika, lakini halisemi kwa nini kushoto. Baadhi ya seti za koili huwa na moja ndefu kidogo kwa upande wa dereva, ili kusawazisha gari. Ya kwako imewekwa upande wa kulia, na dereva anakaa kushoto. Chukua meza ya miguu minne uweke kibao chini ya mguu mmoja: ule mguu ulio kinyume kwa pembe nao unaelemewa, na miguu mingine miwili inapata nafuu. Koili ndefu mbele kulia inamwongezea mzigo nyuma kushoto, hata kabla hujaweka maji. Badilisha koili za mbele kulia na kushoto, upime tena.

#23 Shofere_Mstaafu

Mwalimu, meza yako ni nzuri, ila mezani pa Mkaaji kuna lita 60 za maji na lita 40 za mazuti upande ule ule wa kushoto. Hiyo ni karibu kilo 95 bila kuhesabu madumu yenyewe. Sihitaji pembe ya meza kuona ni nani anayeelemewa. Nasi tumesahau swali lake la kwanza: kwa nini zile za kiwandani zilidumu? Nadhani zilidumu kwa sababu siku hizo gari lilikuwa halina keria, hema wala tangi.

#24 Mwana_Katanga

Pia hakuna aliyezungumzia mchanga mweusi. Fimbo ya amortisere ikiwa wazi, bila kile kifuniko cha kuikinga, mchanga wa volkano unakwaruza kromu yake, na fimbo iliyokwaruzika inakula sili kama msasa. Jozi ya kwanza ilivuja bila kukatika. Hilo laweza kuwa sili tu, hakuna kuvutwa wala kubonyezwa.

#25 Kadutu_Juu

Swali la pembeni: tangu uliinue, Mkaaji, volani inajirudisha yenyewe baada ya kona?

#26 Mkaaji_wa_Ndosho

Hairudi vizuri, na kwenye gudroni gari linatangatanga. Kwa nini?

#27 Fundi_Himbi

Kadutu_Juu amepiga penyewe safari hii. Mbele ponti imeshikwa na mikono miwili mirefu. Gari likipanda, mikono hiyo inaizungusha ponti kidogo, na ule mwegemeo wa magurudumu unaoirudisha volani katikati unapungua. Kuna silambloki maalumu zenye tundu lililohamishwa kutoka katikati, ambazo huurudisha. Tazama pia fimbo ya Panhard, ile inayoizuia ponti isicheze pembeni: gari likiinuka, fimbo hiyo huisukuma ponti pembeni. Kwa milimita 50 ni kidogo, ila ukiipima utaiona.

#28 Mkaaji_wa_Ndosho

Nimefanya haya: mipira mipya ya kugongea ikiwa imeshushwa kwa sentimita 3, bridi mpya, bolti za silambloki zimekazwa gari likiwa chini, amortisere mpya zenye vifuniko, na tangi la maji limehamia katikati nyuma ya viti. Koili za mbele sijazigusa, ili tujue kipi kimefanya nini. Jumamosi nilikwenda Sake na kurudi nikiwa na kipimajoto cha kuelekeza. Niliporudi: mbele kushoto nyuzi 47, mbele kulia 48, nyuma kushoto 71, nyuma kulia 52.

#29 Mwalimu_wa_Fizikia

Tangi limehama na kushoto bado kunaongoza. Koili.

#30 Jicho_la_Birere

Au ya kulia ni bandia na haifanyi kazi, ndiyo maana haipati moto. Ulizipima kwenye mzani?

#31 Shofere_Mstaafu

Nilisema nini katika #2? Msiitazame yenye moto. Hiyo ya kulia ina nyuzi 52 baada ya njia ya Sake, na mwenzake ana 71. Mkaaji, ifungue, isimamishe wima, uibonyeze kwa mkono taratibu. Ikipita sehemu bila kuzuia kitu, hata kwa upana wa kidole, basi imeingia hewa ama haijawahi kuwa na mafuta ya kutosha. Kumbuka tu kwamba zile za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, zikilazwa dukani hupata hewa ndani, na huvutwa na kubonyezwa zikiwa wima mara kadhaa kabla ya kufungwa. Fundi wako alifanya hivyo?

#32 Mkaaji_wa_Ndosho

Aliitoa kwenye boksi na kuifunga moja kwa moja. Kesho asubuhi naifungua ya kulia.